Makaa ya Chetezo

Kila siku alfajiri sauti mbili ziliwaamsha wasichana wa Chuo cha Mtakatifu Kosma. Ilianza adhana ya msikiti wa nyuma ya nyumba, ikafuatia kengele ya kanisa dogo la masista. Wasichana Waislamu walishuka kutawadha, Wakristo wakaenda kwenye sala zao, na Kidawa, ambaye aliupenda usingizi kuliko chakula, akajifunika shuka gubigubi mpaka mtu aje amvute mguu. Baadaye wote walikutana mezani kwa chai ya rangi na boflo, kila mmoja na gauni lake jeupe lililopigwa pasi, na mazungumzo yakawa ni majina ya mifupa, mitihani, na nani kachukua kanga ya nani.

Chuo hicho kilikuwa Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na bahari. Kilikaa katika nyumba kubwa ya kale ya ghorofa tatu. Juu walilala wanafunzi, katikati yalikuwa madarasa, na chini ilikuwa zahanati ambayo watu walifika kutoka Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Mapinduzi, na madaktari wengi walikuwa wamehama kisiwani. Kwa hiyo masista waliwafundisha wasichana kazi ya utabibu msaidizi, yaani kupima homa, kufunga vidonda, kupiga sindano, na kujua wakati gani wa kumwita daktari.

Mdogo kuliko wote alikuwa Wanu binti Ame, msichana wa Kiembe Samaki mwenye umri wa miaka kumi na sita. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kusomea kazi ya namna hiyo. Siku alipopata nafasi, majirani walikuja kumtazama kama vile bibi harusi, na mama yake, Bi Time, alilia na kucheka kwa pamoja. Wakati wa kuagana Bi Time alimpa chetezo kidogo cha udongo na kifuko cha ubani.

"Nyumba za mjini kongwe, mwanangu, na zina wenyewe," alimwambia. "Ukiona mahala pana uzito, wafukizie ubani, uwaombe radhi, upite zako. Adabu haimgombanishi mtu."

Wanu aliufunga ubani ule katika pembe ya kanga, na maneno ya mama akayafunga moyoni.

Basi palikuwa na chumba kimoja chini, mwisho wa ukumbi, walichokiita chumba cha kuchemshia. Hakikuwa na dirisha ila tundu moja dogo karibu na dari. Sakafu yake ilikuwa ya mawe mapana, na katikati palikuwa na kifuniko cha mviringo cha chuma, kizito, kilichofunika birika la kale, yaani tangi la maji la chini ya ardhi, lisilotumika tena. Humo ndimo sindano na visu vya daktari vilimochemshwa katika sufuria kubwa, juu ya jiko la makaa. Siku hizo sindano zilikuwa za chuma na mabomba yake ya kioo. Hazikutupwa baada ya kutumiwa mara moja, bali zilichemshwa zikatumiwa tena.

Mwalimu wao alikuwa Sista Filomena, Mgoa aliyezaliwa hapo hapo mjini, aliyesema Kiswahili kama muuza ndimu wa soko la Darajani. Sheria yake ya kuchemsha ilikuwa fupi.

"Maji yakianza kutokota ndipo unapindua saa ya mchanga," alisema. "Mchanga ukisha, unapindua tena. Muda wote huo moto usipungue, na wewe usitoke. Sindano iliyochemka nusu haijachemka."

Kidawa alikuwa na sheria yake nyingine, na aliitoa walipobaki peke yao ngazini.

"Chumba kile kina wenyewe. Utasikia mtu anahema. Tena akikuita jina lako, usiitike. Ukisema naam tu, basi, ushachukuliwa!"

"Nani kakwambia?"

"Wa mwaka wa pili wote wanajua. Kwani wewe unadhani kwa nini kazi ya kuchemsha wanapewa wageni?"

Wanu alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Alikumbuka kwamba wasichana wakubwa hawakupita mbele ya mlango ule ila kwa haraka, hata mchana.

Siku za mwanzo hakusikia kitu. Aliketi kwenye kigoda, akatazama maji yakitokota na mchanga ukishuka, akaanza kumwona Kidawa kuwa ni mwongo wa kawaida. Mpaka alasiri moja, mwezi ukiwa mpevu.

Ilianza harufu, harufu ya mahali palipofungwa siku nyingi. Kisha kifuniko cha chuma kikatikisika, kikagonga ukingo wa jiwe, ngo, ngo, ngo. Wanu aligeuka akidhani mtu amebisha hodi. Mlango ulikuwa wazi na ukumbini hapakuwa na mtu. Ndipo chumba kikahema. Ilikuwa pumzi ndefu, nzito, ya mtu aliyechoka, na mwisho wake ilivutika kama jina.

"Haaaa... nuuuuu."

Nywele zilimsimama. Alipotazama chini aliona jambo baya zaidi. Kwenye jiwe lililokuwa karibu na kifuniko palikuwa na alama ya maji. Mbele yake ikatokea nyingine, kisha nyingine, kila moja na urefu wa unyayo wa mtu, zikija upande wake taratibu. Hakuna aliyetembea. Nyayo zilikuja zenyewe.

Wanu alikumbuka maneno ya mama. Chetezo alikuwa amekificha nyuma ya jiko. Alishika koleo, akachota makaa chini ya sufuria, yale mekundu ya katikati yaliyoshika moto vizuri, akayatia chetezoni na kumwagia ubani. Moshi ulipanda mweupe.

"Niwieni radhi, wenyewe," alinong'ona. "Mie mgeni. Nnafanya kazi, kisha nnakwenda zangu."

Alifukiza kwa muda. Pumzi ile ilirudi mara moja, hafifu, kisha haikurudi tena. Kifuniko kilitulia. Wanu akamshukuru Mungu na mama yake.

Lakini katika sufuria maji nayo yalikuwa yametulia. Mchanga ulikuwa bado unashuka na maji hayatokoti. Aliliona hilo. Tuseme kweli, aliliona. Makaa mengine yalikuwamo guniani, na gunia lilikuwa pembeni, ng'ambo ya zile nyayo za maji. Wanu hakuthubutu kuzivuka. Alijiambia kwamba mvuke bado unapanda na maji ya moto ni maji ya moto. Mchanga ulipokwisha alipindua saa huku akitazama mlango, na ulipokwisha tena alizibeba sindano akatoka mbio.

"Yamechemka sawasawa?" aliuliza Sista Filomena.

"Yamechemka, Sista."

Jibu lilimtoka kwa wepesi ambao yeye mwenyewe hakuutegemea.

Siku nyingi zikapita chumba kikiwa kimya. Wanu alisadiki kwamba ubani umefanya kazi. Kisha mwezi ukaisha, ukaandama mwingine, na alasiri ya pili yake harufu ikarudi, kifuniko kikagonga, na nyayo zikaja. Mara hii Wanu hakungoja pumzi imwite. Alichota makaa mapema, tena mengi zaidi.

Alasiri hiyo hiyo aliletwa Usi, mtoto wa miaka mitano kutoka Jang'ombe, mwenye kichomi. Alibebwa mgongoni na bibi yake, Bi Khamisa, mwanamke mrefu aliyejitanda buibui, asiyecheka ovyo. Usi hakuwa na mama, na Bi Khamisa hakuwa na mtu mwingine ila Usi. Mtoto alipoona bomba la sindano alimuuliza Wanu kama linauma.

"Kama kuumwa na chungu," Wanu alimjibu.

"Chungu mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

Usi alitafakari, akatoa paja mwenyewe, akapigwa sindano. Alipomaliza kulia kidogo alimpa Wanu nusu ya kashata yake, iliyokuwa imeshaanza kuliwa.

Siku chache baadaye walianza kurudi. Alirudi mama mmoja, mkono umevimba mahali alipopigwa sindano. Alirudi mpagazi wa gatini akichechemea. Wakaja na wengine, wote na majipu yaliyotunga usaha pale pale sindano ilipoingia. Sista Filomena alikagua dawa, akakagua pamba na spiriti, hakuona kasoro. Mjini maneno yakatapakaa upesi. Wakasema mwenye nyumba ile ya Malindi amekasirika, anawatia watu alama. Ukumbi wa zahanati, uliokuwa ukijaa kila asubuhi, ukaanza kubaki na wagonjwa wa kuhesabika.

"Nilikwambia mie," Kidawa alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni.

Wanu naye aliamini hivyo hivyo, na kuamini huko kulimpa nafuu. Kisha ukaja mchana wa somo la wadudu wa maradhi. Sista alisimama mbele ya darasa na bilauri ya maji.

"Wadudu hawa hatuwaoni kwa macho," alisema. "Maji ya uvuguvugu wanayapenda. Maji ya moto tu, wengine wanayastahimili. Tunachotaka ni maji yanayotokota, kwa muda wake wote. Ukiiondoa sufuria motoni kabla ya wakati, umewaosha tu, kisha unawaingiza mwilini mwa mtu."

Wanu aliacha kuandika. Aliona mbele yake sufuria iliyonyamaza na moshi mweupe wa ubani, akafahamu ni nani aliyewatia watu alama.

Alitaka kusema siku ile ile. Lakini akawaza namna watakavyomfukuza, atakavyoshuka Kiembe Samaki na kijisanduku chake kichwani, na wale majirani waliokuja kumtazama kama bibi harusi watakavyokuja kumtazama tena. Akanyamaza. Hata darasani, juu, mbali na chumba kile, alisikia mtu akihema nyuma ya kiti chake, na akigeuka hakuna mtu.

Mwezi ulipokuwa mpevu tena, Bi Khamisa alimrudisha Usi. Paja la mtoto lilikuwa limevimba, linang'aa, na mwili wake ulikuwa unawaka. Hakuuliza kuhusu chungu. Alimtazama Wanu kama asiyemjua, akayafumba macho tena. Daktari Rehmtulla, aliyekuwa akifika chuoni kusaidia, alimpima akatikisa kichwa.

"Jipu lipasuliwe leo hii," alimwambia Sista. "Usaha ukishaingia katika damu hatutamwahi. Nichemshieni visu, mimi nanawa mikono."

Bi Khamisa aliposikia neno visu alimnyanyua mjukuu wake kitandani.

"Mjukuu wangu hakatwi humu," alisema. "Nyumba hii inakula watu. Nampeleka Chukwani kwa mganga, akapungwe pepo, maana kilichomshika ndicho kinachokaa chini huko."

"Bi Khamisa, njia ni ndefu na mtoto hana nguvu," Sista alimsihi. "Hatafika salama."

"Atafika kwa Mungu wake. Nipisheni!"

Alianza kutembea na Usi begani, mkono wa mtoto ukining'inia. Watu waliokuwamo ukumbini walimpisha. Wanu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Alijua kwamba mguu wa Bi Khamisa ukishavuka kizingiti kile, mtoto hatarudi. Beseni lilimtoka mikononi, maji yakamwagika sakafuni, naye akasimama katikati ya mlango.

"Bi Khamisa, usende," alisema. "Si wenyewe waliomfanya Usi hivi. Ni mie."

Watu wote wa ukumbini waligeuka kumtazama.

Akayasema yote huku machozi yakimtiririka: pumzi, nyayo za maji, makaa aliyoyatoa chini ya sufuria, sindano zilizochemka nusu, na ule uongo aliomwambia Sista. Hakumtaja Kidawa, wala hakusema kwamba alifundishwa na mama.

Sista Filomena alishika ukuta. "Mara ngapi, Wanu?"

"Mara mbili, Sista. Na sindano ya Usi ni katika mara ya pili."

Bi Khamisa alimsogelea. Watu walidhani atampiga kofi, na Wanu mwenyewe alilingoja.

"Kufukiza, hata mie ningefukiza," Bi Khamisa alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kwa hilo sikulaumu. Lakini nsingemwambia mwenzangu mwanawe yu salama, hali najua hayuko."

Kofi lingeuma kidogo kuliko maneno hayo.

Bi Khamisa alimgeukia Sista. "Hivyo visu mnavyotaka kumkatia vinachemshwa chumba kicho hicho?"

"Ndiyo. Hatuna pengine."

"Basi vichemshwe mbele ya macho yangu. Na huyu ndiye achemshe. Nikiona moto umepungua hata chembe, namchukua mtoto wangu na hamtaniona tena."

Wakamlaza Usi tena, Kidawa akakaa naye akimpepea. Bi Khamisa, Sista na Wanu wakaenda hadi mwisho wa ukumbi. Jua lilikuwa la alasiri, lakini ndani ya chumba kile mwanga ulikuwa wa kijivu, na harufu ilikuwa imeshatangulia.

Wanu aliwasha makaa, akapepea mpaka yakawa mekundu yote. Akavitia visu majini. Bi Khamisa aliketi kwenye kigoda, mikono magotini, macho kwenye sufuria. Sista alisimama mlangoni na tasbihi yake. Maji yakaanza kuimba, kisha yakatokota, na Wanu akapindua saa.

Ngo, ngo, ngo.

Bi Khamisa aliinua kichwa. Kifuniko kilikuwa kinatikisika. Alama ya kwanza ya maji ilikuwa imeshatokea jiweni, na ya pili ilikuwa inakuja. Kisha chumba kikahema, kwa nguvu kuliko siku zote, moshi wa makaa ukayumba.

"Haaaa... Wanuuuuu."

Safari hii jina lilitoka lote. Bi Khamisa alimdaka Wanu mkono, vidole vyake vikiwa baridi. "Usiitike!" alimnong'oneza. "Salale, usiitike!"

Nyayo zilikaribia kigoda. Yule mama mrefu asiyecheka ovyo alikuwa anatetemeka, naye akamwonyesha Wanu koleo kwa kidevu.

"Tia ubani, mwanangu. Kidogo tu. Kaa moja litoshe."

Wanu alikitazama chetezo nyuma ya jiko. Kila kiungo chake kilimtaka akichukue, na sasa alikuwa na ruhusa ya mtu mzima. Alitazama sufuria.

"Siwezi, Bi Khamisa," alisema. "Moto huu wa Usi."

Makaa yalikuwa yameanza kufanya majivu. Gunia lilikuwa pembeni, ng'ambo ya nyayo. Wanu alikwenda. Alikanyaga alama ya kwanza kwa mguu mtupu, akauhisi ubaridi wa maji kisiginoni, akakanyaga ya pili, akachota makaa, akarudi kwa njia ile ile. Nyuma yake kifuniko kiligonga. Hakugeuka. Aliongeza moto, akapepea, na maji yakapandisha mapovu makubwa zaidi.

Mchanga ukaisha, akapindua tena. Wakakaa wawili, mkubwa na mdogo, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, chumba kikihema juu yao. Hakuna aliyetoka. Punje ya mwisho ilipoanguka Bi Khamisa alishusha pumzi.

"Sasa vimechemka," alisema. "Mpelekee daktari."

Jipu lilipasuliwa jioni hiyo. Usi alipiga kelele zilizosikika mpaka barabarani, na Daktari Rehmtulla alisema kelele hizo ni habari njema. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mtoto aliomba uji, akaulalamikia kwamba hauna sukari.

Wanu alikuwa ameteremka chumba cha kuchemshia kufagia. Mahali pa zile nyayo mawe yalikuwa yamekauka, yakaacha utando mweupe. Aliupangusa kwa kidole, akauonja. Ilikuwa chumvi. Alisimama na ufagio wake akiwaza, kisha akamkimbilia Sista Filomena.

"Sista, mama yangu huenda pwani kuokota chaza siku za bamvua tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Asubuhi maji hutoka mbali sana. Alasiri hujaa mpaka juu. Na pumzi ile huja siku zizo hizo, wakati uo huo."

Sista aliwaita vijana wawili wa gatini wakainua kifuniko kwa mtaimbo. Wakangoja mpaka alasiri, kwani bamvua lilikuwa halijakwisha. Chini, katika kiza, waliona mfereji wa kale unaoelekea baharini. Maji ya bahari yalikuwa yanapanda ndani yake kidogo kidogo, yakiusukuma upepo mbele yake. Kifuniko kilipokuwa mahali pake, upepo ule ulikuwa hauna pa kutokea ila pembeni mwa chuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa pumzi.

"Na nyayo?" aliuliza Kidawa, aliyekuwa amechungulia kutoka mbali, tayari kwa mbio.

Sista alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya mawe. Kutoka birikani hadi mlangoni palikuwa na vishimo vidogo, virefu, kimoja mbele ya kingine. Miguu ya watu waliokuwa wakiteka maji hapo miaka na miaka, watu ambao hakuna aliyekumbuka majina yao, ilikuwa imelila jiwe. Bahari ilipopanda, maji ya chini yalipenya na kujaa humo.

"Kwa hiyo ni nyayo kweli," alisema Kidawa polepole, na hakuna aliyemcheka.

Sista Filomena akawageukia wote wawili.

"Na mimi nina langu la kusema. Pumzi hiyo naisikia tangu tulipohamia hapa. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nikipita mbio, kisha kazi nikawapa ninyi wadogo. Niwieni radhi." Alimtazama Wanu. "Kuogopa kila mtu anaogopa, mwanangu, na hata tabibu mkubwa hukosea. Akisema mapema, kosa lake linatibika kama ugonjwa mwingine. Akinyamaza, linatoka linatembea, linaingia nyumba za watu wasiojua lolote. Ungesema siku ya kwanza, Usi asingelazwa hapa. Usingesema jana, asingekuwa hai."

Wanu hakufukuzwa, lakini hakuachiwa pia. Aliambiwa atarudia muhula mzima. Kila siku baada ya masomo alifuatana na Sista mpaka nyumbani kwa kila aliyepata jipu, akaomba radhi kwa ulimi wake mwenyewe, kisha akakisafisha kidonda. Wengine walimsamehe mlangoni. Mpagazi wa gatini alimtukana mpaka akachoka, ndipo akanyoosha mguu. Wanu alisema matusi hayo aliyastahili.

Mwezi ulipoandama tena, Bi Khamisa alimleta Usi kukaguliwa kidonda. Kilikuwa kimefunga vizuri. Kichomi nacho kilikuwa kimebakisha sindano moja ya mwisho, na Sista aliuliza kwa uangalifu kama bibi atakubali.

"Nani kaichemsha?" aliuliza Bi Khamisa.

"Wanu, ndiye anayeichemsha sasa hivi."

Bi Khamisa alimwacha Usi kwa Kidawa, akaenda mpaka mlango wa chumba cha mwisho. Wanu alikuwa kigodani, peke yake, saa ya mchanga mbele yake. Chetezo hakikuwamo tena. Alikuwa amekirudisha nyumbani kwa mama yake, na kisa chote amempa.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba, mwanangu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Wewe ulificha, na kilio kilikuwa kinakuja kwangu. Kisha ukakifungia mlango wewe mwenyewe. Hata ukubwani, ikumbuke siku ile." Alitazama moto, akatazama maji yanavyotokota. "Hiyo sindano ikiwa tayari, nataka umpige wewe."

Bi Khamisa aligeuka kurudi ukumbini, na wakati huo huo harufu ya bahari ikapanda, kifuniko kikagonga, na kile chumba cha kale kikahema pumzi yake ndefu.

"Wanuuuuu."

Bi Khamisa alisita mlangoni.

"Naam," aliitika Wanu, na hakuyaondoa macho yake kwenye sufuria.